Tahariri: Feni ya shimo ni pumzi ya mchimbaji

Dhahabu inachimbwa Ituri kwa zaidi ya miaka 100, na hadi leo familia nyingi za Mongbwalu na Djugu zinaishi kwa shimo. Hapa Bunia pia, biashara nyingi zinategemea fedha hiyo. Lakini hewa inayomfikia mchimbaji chini haihesabiwi kama mchanga unaopandishwa juu.

Mashine ya esansi ya kuvuta maji ikiwashwa ndani ya shimo, inatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mshumaa hauionyeshi: unaweza kuendelea kuwaka huku mtu anaanguka. Anayeteremka kumwokoa, naye anaanguka.

Ndiyo sababu feni ya kusukuma hewa kwa bomba inahitajika. Lakini feni hiyo inaweza kudanganya. Inavuta hewa katikati ya gurudumu na kuirusha pembeni. Nyaya za mota zikiunganishwa vibaya, gurudumu linazunguka kinyume, na hewa bado inatoka mbele, ila kidogo sana. Aliye juu anasema inapuliza; walio chini wanakosa pumzi. Basi kila asubuhi, kabla mtu hajateremka, mzunguko ulinganishwe na mshale uliochorwa kwenye ganda la feni. Mkanda uliolegea ukazwe, maana nao unapunguza hewa.

Feni ikae mbali na moshi wa jenereta, upande unakotoka upepo. La sivyo inapeleka sumu chini. Mkanda ufunikwe kwa wavu. Vumbi likiganda kwenye mapanga, feni inatetemeka: izimwe, isafishwe. Kuzima peke yake hakutoshi, kwani gurudumu linaendelea kuzunguka. Fundi angoje lisimame kabisa, akate umeme, na ufunguo wa swichi ukae mfukoni mwake. Na feni ikisimama ghafla watu wakiwa chini, wapande wote kwanza. Matengenezo yatafuata.

Nani atalipa? Wenye mashimo, wale tunaowaita PDG, ndio wanaopata sehemu kubwa. Gharama hii ni yao, isikatwe kwenye fungu la mchimbaji. Maajenti wa SAEMAPE, ambao kazi yao ni kuwasaidia wachimbaji wadogo, wakague feni kabla ya kuuliza uzalishaji. Na mchimbaji anayekataa kuteremka kwa sababu feni haifanyi kazi asifukuzwe. Huyo si mvivu. Anataka kurudi nyumbani jioni.