*MACHO YA WAZEE WETU: NANI HALIPI?*



Kuna ujumbe unazungushwa kwenye simu zetu kwamba kila aliyefikisha miaka 60 atafuatwa nyumbani kupimwa macho bure. Naomba msiusambaze. Utaratibu kama huo uko Uingereza, kwa mtu asiyeweza kutoka nyumbani peke yake. Sera yetu ya Afya ya 2007 inamsamehe gharama mzee wa miaka 60 na kuendelea *asiye na uwezo*. Maneno hayo matatu ndiyo yanayowakwamisha wazee wetu dirishani.

Umri peke yake hautoshi. Mwenye pensheni au mifugo ya kutosha anatarajiwa kuchangia. Asiye na kitu lazima kwanza atambuliwe na serikali ya kijiji, apate kitambulisho au barua ya mtendaji. Tuliosoma uhasibu tunalielewa hili: msamaha usio na kiambatanisho hauna pa kuandikwa kitabuni, na anayerudishwa ni mgonjwa.

Hata akiwa na karatasi, "bure" inaishia dirishani. Nauli ya kutoka Mgori hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale mjini, yake na ya anayemshika mkono, hakuna anayemsamehe. Kwa hiyo wengi wanakaa ndani na kusema ni uzee tu. Si uzee. Mtoto wa jicho hupasuliwa na mtu akaona tena. Presha ya macho ikishakula uoni, haurudi. Vikope tunavijua, kope zikigeukia ndani zinakwaruza jicho kila anapopepesa.

Msimamo wa Tawi: Halmashauri ipange timu ya macho ifike nyumbani kwa wasiotembea, na Diwani wetu alipeleke hilo barazani. Lakini hawezi kwenda mikono mitupu. Kila balozi aandike wazee wa shina lake wasiotoka ndani, nani ana kitambulisho na nani hana, kisha nakala apewe mtendaji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Orodha isiulize kadi ya Chama. Wa chama kingine na asiye na chama waandikwe vilevile. Na balozi atakayedai hata mia tano ya "fomu", niletewe jina lake.

Orodha zinifikie kabla ya kikao cha Jumamosi.

*Katibu wa Tawi, Mgori*