Makazi ya Muda, Lakini Muda wa Nani?

Toleo hili linahusu makazi mijini, na tumeona tulifungue kwa kundi ambalo mjadala wa nyumba nchini Kenya huliruka: vijana waliotimiza miaka 18 na hawana pa kulala. Katiba ya 2010, katika ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, makao na matibabu, na haimwambii asubiri mpaka serikali ipate uwezo. Akitimiza miaka 18, mtu huyohuyo anahamia ibara ya 43. Humo haki ya nyumba inayofaa na inayofikika imeandikwa vizuri, ila ibara ya 21 inaeleza kuwa haki za fungu hilo zitatimizwa hatua kwa hatua. Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa kijana analala akiwa na haki ya kudaiwa leo, na asubuhi anaamka na ahadi. Njaa ni ileile na baridi ya Julai ni ileile. Kilichobadilika ni nambari ya ibara.

Kundi hili si la watu wachache. Sensa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini kote, na 15,337 kati yao, karibu theluthi, walikuwa Nairobi. Nyuma yao kuna mkondo mwingine usioonekana vibarazani mwa maduka: vijana wanaotoka katika makao ya watoto kwa sababu umri umewapita. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe katika familia, na hilo ni jema. Miongozo ya malezi mbadala ya mwaka 2014 ilikwisha kutaja hata namna ya kumsaidia kijana aishi peke yake chini ya uangalizi. Lakini kutajwa katika mwongozo hakulipi kodi ya chumba. Mwenye nyumba anataka amana, kodi ya mwezi wa kwanza na nakala ya kitambulisho. Ofisi ya kitambulisho nayo inataka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, na kijana asiyejua mzazi wake yuko wapi anakwama hapo. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, wala hana akaunti ya kutuma na kupokea pesa kwa simu. Akipata kibarua cha mjengo, ujira wa siku anaulalia nje, na anayelala nje mali yake ni ile aliyoivaa.

Hoja yetu ni kwamba fedha za umma zigharimie makazi ya muda kwa vijana hawa, hasa wa kati ya miaka 18 na 24. Hatusemi bweni la magodoro yaliyopangwa sakafuni. Tunasema chumba chenye mlango na ufunguo wa kijana mwenyewe, kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na pembeni yake mtu anayelipwa kumsaidia kupata kitambulisho, ufundi na kazi. Wengi wataafiki mpaka hapo. Tunapoachana nao ni kwenye neno moja, muda. Kila mpango wa namna hii una saa inayohesabu siku, na mafanikio yake yanategemea nani amefungwa na saa hiyo. Sisi tunasema ifungwe kwenye mkono wa serikali.

Wenzetu waliotangulia wanatupa ushahidi wa pande zote. Marekani ilitunga sheria ya vijana wasio na makazi mwaka 1974, na mwaka 1988 ikaongeza mpango wa makazi ya mpito kwa vijana wa kuanzia miaka 16 hadi kabla ya kutimiza 22. Kwa kawaida kijana anaruhusiwa kukaa hadi siku 540, na kwa sababu maalumu hadi siku 635. Ni mpango wenye busara, kwa kuwa unamfundisha kijana kuendesha nyumba huku akiwa ndani ya nyumba. Hata hivyo saa yake inamhesabia kijana: siku zikiisha anatoka yeye, hata kama hakuna chumba kilichopatikana. Uingereza, kwa upande wa England, ilijaribu kuigeuza saa. Sheria ya mwaka 2017 inaitaka halmashauri ichukue hatua kwa siku 56 kumsaidia mtu anayekaribia kupoteza makazi, na siku 56 nyingine akishayapoteza. Wajibu ukahamia ofisini. Pamoja na hayo, tangu 2023 kaya zinazoishi katika makazi ya muda huko zimezidi 100,000, kwa kuwa nyumba za kodi nafuu za kuwahamishia ni chache. Saa ilikuwa kwenye mkono unaostahili, ila mlango wa kutokea haukujengwa.

Finland ilianzia mlangoni. Mwaka 2008 serikali yake ilijiwekea lengo la kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka michache, idadi ya watu waliokosa makazi kwa muda mrefu. Mabweni yakageuzwa nyumba za kupanga. Helsinki, iliyokuwa na vitanda 558 vya mabweni mwaka huo, ilibaki na 52 kufikia 2016. Hapo ndipo pingamizi zito kuliko yote linapozaliwa: ikiwa nchi iliyofaulu ilifanya hivyo kwa kuyaacha makazi ya muda, kwa nini Kenya iyaanzishe? Pingamizi hili halistahili kupuuzwa. Jibu letu ni kwamba Finland iliacha bweni, mahali pa kulaza watu bila kuwapeleka popote, nasi bweni hatulitaki. Zaidi ya hayo, Finland ina nyumba nyingi za kodi nafuu na ruzuku ya kodi kwa mwenye kipato kidogo, na Kenya haina akiba hiyo leo. Na kijana wa miaka 19 anayehitaji muda wa kusimama si sawa na mzee aliyelala nje miaka ishirini huku akiugua. Kwake yeye makazi ya muda yanafaa, mradi chumba cha kuhamia kitengwe siku anayoingia, kisianze kutafutwa siku anayotoka.

Pingamizi la pili ni la pesa. Tutaambiwa nchi ina madeni, na hospitali na shule zinalia. Katiba yenyewe imelitazamia jibu hilo. Ibara ya 20 inasema serikali ikidai haina uwezo wa kutekeleza haki ya ibara ya 43, ni juu yake kuthibitisha, na katika kugawa rasilimali izingatie walio katika hali ngumu zaidi. Ibara ya 21 inawataja vijana miongoni mwa makundi hayo. Tena chanzo cha fedha kipo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri analipa kiasi hichohicho. Mahakama Kuu iliikataa tozo ya kwanza mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa kuwabebesha mzigo walioajiriwa rasmi peke yao, nayo sheria mpya ikapanua wigo wa wanaolipa. Sheria hiyohiyo inatambua nyumba za jamii kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Tunachoomba ni sehemu ya nyumba hizo, ndogo lakini iliyoandikwa, itengewe vijana wa mpito, nyingine za kuingilia na nyingine za kuhamia. Wanaoona hiyo ni gharama mpya wahesabu pia ya zamani. Sheria ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997, lakini kumkamata kijana, kumpeleka mahakamani, kumweka rumande na kumrudisha palepale alipokamatwa bado kunalipiwa na mlipa kodi huyohuyo.

Pingamizi la tatu linasemwa kwa sauti ya wazee: kijana wa miaka 18 ni mtu mzima, ana ukoo, na ukimpa cha bure unamlemaza. Lakini katika nyumba nyingi za Kenya, wa miaka 18 ndio kwanza amemaliza kidato cha nne, anakula kwa mama na kulala kwa baba, wala hakuna anayesema amelemazwa. Kwa yule aliyekulia katika makao ya watoto kwa amri ya mahakama, serikali ilichukua nafasi ya mzazi. Mzazi anayemtoa mwanawe nje siku ya kutimiza miaka 18 angesemwa na mtaa mzima. Na wavivu hawa wanaotajwa ndio wanaobeba mizigo sokoni kabla ya alfajiri na kuchambua taka jaani. Methali inamwahidi mchumia juani kwamba atalia kivulini. Wao wanachuma juani na kulia juani.

Mwaka 2003 serikali ilianzisha hazina ya kurekebisha maisha ya familia za mitaani, na vijana wakapelekwa Huduma ya Vijana kwa Taifa kujifunza ufundi. Nia ilikuwa njema. Ila mafunzo yana siku ya kuhitimu, na cheti hakina paa. Ndiyo maana tunataka sheria iseme mambo mawili bila mzunguko: kijana asitolewe katika makazi ya muda kabla ya kupewa pa kuhamia, na kila kaunti itangaze kila mwaka wangapi waliingia, wangapi walihama na walihamia wapi. Nyumba ni jukumu la kaunti pia, na bajeti za kaunti hupitishwa kufikia mwisho wa Juni baada ya wananchi kuulizwa maoni. Msomaji, ukialikwa kwenye kikao hicho, usiulize vitanda ni vingapi. Uliza kijana akimaliza muda wake anahamia chumba gani, na kimeandikwa ukurasa gani wa bajeti.