Vishikwambi vyenye kibodi bado havijang'oa vipakatalishi

KILA vyuo vikuu vinapofungua milango kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wauzaji wa vifaa vya elektroniki mjini Thika na Ruiru hupata wateja wa aina moja: mzazi aliyehesabu fedha zake mara tatu, na mwanawe ambaye tayari ameamua anachokitaka. Eneo hili halina upungufu wa vyuo. Kile cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kiko Juja, katikati ya miji hiyo miwili. Mount Kenya kiko Thika, nacho Zetech kiko Ruiru.

Muuzaji huwa na jibu jepesi. Chukua kishikwambi chenye kibodi ya kubandua, asema, kwani hivyo ni vifaa viwili kwa bei ya kimoja. Kwa familia iliyouza ng'ombe au kukopa katika Sacco, maneno hayo ni matamu. Je, ni ya kweli?

Suala hili si geni kwa Wakenya. Katika kampeni za mwaka wa 2013, muungano wa Jubilee wa Bw Uhuru Kenyatta na Bw William Ruto uliahidi kila mtoto anayejiunga na darasa la kwanza kipakatalishi kinachotumia nishati ya jua. Zabuni ya Sh24.6 bilioni ilipewa kampuni ya Olive kutoka India, kisha ikafutwa mwaka wa 2014 na bodi ya kukagua malalamishi ya zabuni za umma. Mradi ulipofufuka mwaka wa 2016 kwa majaribio katika shule 150, kilichomfikia mtoto kilikuwa kishikwambi. Neno kipakatalishi lilibaki katika hotuba za wanasiasa tu.

Sehemu ya vifaa hivyo iliunganishwa na JKUAT kwa ushirikiano na kampuni ya Positivo BGH, huku Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na JP SA Couto ya Ureno. Kufikia mwaka wa 2019, zaidi ya vifaa milioni moja vilikuwa vimesambazwa katika shule zaidi ya 20,000.

Mwandishi huyu hana nia ya kurudia lawama za wakati ule. Mtoto wa miaka sita anayejifunza herufi na kutazama picha hahitaji kipakatalishi. Linalostahili kuangaliwa ni mgao wenyewe. Pamoja na vishikwambi vya wanafunzi, kila shule ilipewa projekta, na walimu wakapewa vipakatalishi. Yaani serikali ile ile iliyokubali kwamba kishikwambi kinamtosha msomaji haikukiona kinamtosha mwandaaji wa masomo. Mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye kazi yake ni kuandika tasnifu na kuchanganua takwimu, yuko karibu zaidi na yule mwalimu kuliko yule mtoto.

Ulimwengu wa biashara nao umepitia somo hili kwa gharama kubwa. Microsoft ilipozindua Surface ya kwanza Oktoba 2012, ilikuwa na kibodi nyembamba ya kupendeza, lakini mfumo wake, Windows RT, haukuweza kuendesha programu za kawaida za Windows ambazo watu walikuwa nazo tayari. Julai 2013 kampuni hiyo ilitangaza kupoteza dola milioni 900 kutokana na vifaa hivyo. Mwaka uliofuata ilileta Surface Pro 3, ikaitangaza kuwa kishikwambi kinachoweza kuchukua nafasi ya kipakatalishi. Kibodi iliuzwa kando.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo muuzaji hapafafanui. Vifaa hivi mseto ni vya makabila mawili. La kwanza ni la Android na iPad, ambavyo hata vikifungwa kibodi nzuri namna gani hubaki na programu za simu. Mwanafunzi wa uhandisi anayehitaji AutoCAD kamili, au wa sayansi ya jamii anayehitaji SPSS, hatazipata humo. Atakwama si wiki ya kwanza bali mwaka wa pili au wa tatu, wakati ambapo mzazi hana fedha za kununua kifaa kingine.

Kabila la pili ni la Windows kamili, mfano wa Surface Pro. Hili kwa uwezo ni tarakilishi halisi, na ningekosea kulidharau. Tatizo lake ni fundi. Kipakatalishi cha kawaida cha mtumba, hasa vile vizito vilivyotoka maofisini ng'ambo, hufunguliwa kwa bisibisi. Diski iliyokufa hubadilishwa, na katika vingi kumbukumbu huongezwa, mteja akisubiri. Kifaa mseto huwa kimegundishwa skrini kwa gundi, na kumbukumbu yake imechomelewa kwenye bodi. Betri ikichoka, kukifungua tu ni kuhatarisha kioo, na kioo ndicho kifaa chenyewe. Isitoshe, vya mtumba mara nyingi huuzwa bila kibodi, na ya kuinunua kando haiingii katika bei iliyotajwa mlangoni.

Kuna pia jambo dogo ambalo matangazo hayalionyeshi. Kifaa kinachosimama kwa mguu wa nyuma hutaka meza. Katika matatu ya kutoka Thika kwenda Ruiru, au kitandani katika chumba cha kupanga Juja, hakuna meza. Kipakatalishi kiliitwa hivyo kwa sababu hupakatwa.

Wapo, hata hivyo, wanaofaidika. Mwanafunzi wa usanifu majengo anayechora kwa kalamu juu ya skrini atakishukuru kifaa mseto cha Windows, mradi amewekewa akiba ya ukarabati. Anayesomea kozi ya kusoma na kuandika insha fupi anaweza kumaliza miaka minne na kishikwambi chenye kibodi. Kwa wengine, kabla ya kuingia dukani, mzazi aombe kwanza idara ya mwanawe orodha ya programu zitakazotumiwa hadi mwaka wa mwisho, kisha amwambie muuzaji azifungue moja baada ya nyingine katika kifaa anachokisifu, kabla fedha hazijatoka mfukoni.