Wanaoicheka Nti ya Muyaka

Imekuwa desturi ya familia nyingi za Tanga, na za Nguvumali zimo, kuwapeleka watoto Mombasa wakati wa likizo, ati nao wakauone mji wa nje. Safari yenyewe haina ila. Ila imo katika somo ambalo watoto hupewa siku ya kwanza, nalo ni somo la dharau.

Siku hiyo huenda hivi. Asubuhi watoto husimamishwa chini ya pembe za ndovu za Moi Avenue wakapigwa picha, wala haambiwi hata mmoja kwamba pembe zile ni za aluminiamu, na kwamba zilibuniwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kuwalaki watu wa nyumba ya kifalme ya Uingereza. Halafu huingizwa Fort Jesus. Huambiwa kuwa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakapanda juu ya mizinga, basi. Kwamba Mwingereza aliifanya ngome hiyohiyo jela mpaka mwaka 1958, hilo halisemwi. Huenda lingeharibu picha.

Msiba hutokea Mji wa Kale. Muuza mabuyu humwona mtoto akisitasita, akamwita kwa upole: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Mtoto hugeuka kutafuta ndoo ya maji. Wazazi hucheka, na kicheko hicho si kibaya, kwani jambo lenyewe linachekesha. Ubaya ni hukumu inayofuata, anapoitoa baba kwa sauti ya mjuzi: "Hawa Wakenya, Kiswahili chao kibovu."

Kibovu kwa mizani ya nani? Kimvita kilikuwa kikitungiwa mashairi kabla ya mipaka hii kuchorwa. Muyaka bin Haji aliishi Mombasa wakati wa utawala wa Mazrui, akawatetea kwa ulimi dhidi ya Seyyid Said mpaka dola yao ilipoanguka mwaka 1837, na silaha yake ilikuwa lugha hiyohiyo ya muuza mabuyu. Mashairi yake yalihifadhiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah pamoja na W. E. Taylor, kisha William Hichens akayatoa katika diwani mwaka 1940. Ama huo usanifu ambao baba anajivunia, ulianza kwa shauri la mkutano. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Mwingereza walikutana, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Walikutana wapi? Mombasa! Mji uliowapokea wajumbe ndio ambao lahaja yake iliachwa, na kuachwa si kuoza.

Hata huo "Ukenya" na "Utanzania" wa lugha ya pwani ni mambo ya kalamu za wageni. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani waliukata mwambao kwa mstari ulioanzia mlangoni mwa mto Umba. Wadigo wakabaki pande zote mbili. Familia inayopita Horohoro huwapita jamaa zake njiani, kisha ikifika Likoni hujifanya imevuka bahari saba.

Zaidi ya yote, wapenzi wa ushairi wana la kuwajibia. Mtunzi wa Tanga akibanwa na kina, huandika nti badala ya nchi, na mato badala ya macho, akasifiwa kwa ukwasi wa lugha. Shairi hilo likighaniwa arusini Nguvumali, yule baba aliyecheka Mji wa Kale atatikisa kichwa na kutoa tuzo. Muuza mabuyu, ambaye husema vivyo hivyo bila ya kutafuta kina, ndiye mwenye Kiswahili kibovu!

Watajitetea kwamba watoto wadogo huchoka, na kwamba mwalimu wa shule atawakosoa wakirudi na maneno ya Kimvita. Hoja ya kwanza haisimami, maana watoto hao hao huzungushwa katika maduka ya Nyali hadi magharibi, na hakuna anayeulizia miguu yao. Ya pili ni hofu tupu. Mtoto wa Nguvumali ambaye nyumbani husikia Kidigo na Kibondei, darasani akasoma Kiswahili sanifu na msikitini akasoma Kiarabu, hawezi kuvunjwa na neno ndoo.

Sentensi moja ingetosha pale penye mabuyu: kwamba hapa njoo ni ndoo, njia ni ndia, na chini ni tini. Mtoto wa miaka saba huikamata kanuni hiyo kabla hajamaliza mabuyu yake, na kufikia magharibi atakuwa ameshaanza kuijaribu kwa maneno ambayo hakuna aliyemfundisha.