Shahada ya Ng'ambo na Shamba la Nyumbani



Juma lililopita tulizungumza juu ya akiba ya nyumbani. Leo napenda tuliangalie jambo liwezalo kuimaliza akiba hiyo kwa siku moja, nalo ni barua ya kukubaliwa katika chuo cha ng'ambo. Barua za namna hii zimo katika makabati ya kota nyingi, kwani askari wengi wa siku hizi ni watu wenye shahada, na baadhi yao wanatamani kuongeza ile ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Kutamani elimu si aibu. Mimi mwenyewe nilianza kazi kwa cheti cha ualimu cha daraja la tatu, na kila ngazi niliyopanda katika utumishi wa serikali niliipanda kwa masomo. Lakini leo nitawasimulia kosa langu, ili lisirudiwe katika nyumba nyingine.

Ndugu yangu mdogo ni askari polisi, naye hufanya kazi ya hesabu. Mwezi wa Machi 2023 alipata barua kutoka chuo kimoja cha Uingereza, ikimkaribisha kusoma shahada hiyo kwa mwaka mmoja, kuanzia Januari 2024. Ada ilikuwa pauni 18,000. Aidha, kanuni za viza zilimtaka aonyeshe fedha za kujikimu, yaani pauni 1,023 kwa kila mwezi kwa miezi tisa kwa anayesoma nje ya London, na fedha hizo sharti zikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Kwa bei ya wakati ule, pauni moja ikiwa karibu na shilingi 4,700 za Uganda, jumla ilipita shilingi milioni 127, kabla ya kufikiria nauli, viza na ada ya matibabu.

Fedha hizo hakuwa nazo. Alikuwa na eka tatu za ardhi upande wa Mityana, ambako mkewe hulima maharagwe na mihogo, na mnunuzi alikwisha kupatikana. Mpango ulikuwa hivi: mke na watoto wawili wafuatane naye, mke afanye kazi kule, baada ya masomo wote wakae miaka miwili kwa kile kibali cha wahitimu ambacho Uingereza ilikifungua mwezi wa Julai 2021, kisha warudi na fedha za kununua ardhi mara mbili ya ile iliyouzwa. Mpango ulipendeza kama hesabu iliyoandikwa ubaoni. Akalipa pauni 2,000 za kushika nafasi, fedha alizokopa.

Tarehe 23 Mei 2023 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba wanafunzi wa kigeni watakaoanza masomo tangu Januari 2024 hawataruhusiwa kufuatana na wake, waume wala watoto wao, isipokuwa wanaofanya masomo ya utafiti na baadhi ya wanaolipiwa na serikali. Kwa tangazo hilo moja, nusu ya mpango wa ndugu yangu ikafutika.

Mwezi wa Agosti tukakutana sebuleni kwa Mama. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nilisema wa kwanza. Nikasema auze. Nikasema kwamba elimu haiibiwi, na kwamba mwaka mmoja si maisha. Mama alinyamaza. Shemeji yangu, aliyekuwa ameketi mkekani na mtoto mapajani, akaomba ruhusa ya kusema.

"Shemeji," akasema, "mimi sipingi masomo. Nauliza tu. Asipopewa likizo itambidi aache kazi. Akiacha kazi, kota si yetu tena. Shamba nalo litakuwa limekwisha kuuzwa. Mimi na watoto tutalala wapi? Na akimaliza mtihani, kisha waseme hakuna kibali cha kubaki, atarudi na kitu gani cha kuturudishia shamba?"

Hapakuwa na aliyejibu. Mimi, mwalimu mzima, nilikuwa nimehesabu ada na nauli, lakini paa sikulihesabu.

Kina mama wanaosoma ukurasa huu wakumbuke pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, inamkataza mume kuuza ardhi ambayo familia inakaa au inajipatia riziki yake bila ya idhini ya mkewe, na mke kadhalika kwa mumewe. Kwa hiyo swali la shemeji yangu halikuwa la adabu mbaya. Lilikuwa haki yake.

Ndugu yangu alikwenda akafikiri majuma mawili. Akachukua karatasi, akaandika upande mmoja faida ambazo shahada yenyewe ingemletea, na upande wa pili faida ambazo zingetokana na ruhusa ya kukaa Uingereza. Upande wa pili ulijaa. Upande wa kwanza aliandika mistari miwili tu. Hapo akatambua kwamba alikuwa anataka kununua ruhusa, na ruhusa hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Akauacha mpango, na zile pauni 2,000 zikapotea. Deni lake alilimaliza mwaka uliopita.

Yaliyofuata yalituonyesha jinsi kanuni zinavyotembea. Tarehe 4 Oktoba 2023 ada ya viza ya mwanafunzi ilipanda kutoka pauni 363 hadi 490. Tarehe 4 Desemba 2023 ikatangazwa kwamba kiwango cha kawaida cha mshahara kwa mgeni anayetaka viza ya mfanyakazi stadi kitapanda kutoka pauni 26,200 kwa mwaka hadi 38,700, ingawa wanaoanza kazi waliwekewa kiwango cha chini kidogo. Kikaanza kutumika Aprili 2024, na Julai 2025 kikapanda tena hadi 41,700. Ada ya matibabu kwa mwanafunzi ilitoka pauni 470 kwa mwaka hadi 776 mwezi wa Februari 2024. Na kile kibali cha wahitimu cha miaka miwili, kwa mwenye shahada ya uzamili atakayekiomba tangu tarehe 1 Januari 2027, kimepunguzwa kuwa miezi 18. Wala si mara ya kwanza. Kibali cha namna hiyo kilikuwako zamani, kikafungwa mwaka 2012, kikarudishwa mwaka 2021.

Msomaji asidhani kwamba ni Uingereza peke yake. Kanada ilipoweka kikomo cha vibali vya wanafunzi wa kigeni mwaka 2024, wanafunzi wa uzamili waliachwa nje ya kikomo hicho. Mwaka 2025 wakaingizwa ndani. Na tangu Januari 2026 wale wa vyuo vya umma wametolewa tena. Australia ilipandisha ada ya viza ya mwanafunzi kutoka dola 710 za nchi hiyo hadi 1,600 mwezi wa Julai 2024, na baada ya mwaka mmoja hadi 2,000. Hatuna sababu ya kuwalaumu. Kila mwenye nyumba hupanga mlango wake, na mgeni hapewi nafasi katika baraza la wenye nyumba. Ila mgeni mwenye busara hauzi kitanda chake kwa kuwa amesikia kwamba kule aendako kuna kitanda.

Je, nawaambia watu wasiende? La, hasha. Tulikaa kota moja na mwanamke mmoja mhasibu aliyekwenda Uingereza kwa kozi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba alingoja msaada wa masomo. Alikataliwa mwaka wa kwanza, akaomba tena. Misaada mingine, kama ule wa Chevening unaotolewa na serikali ya Uingereza, humlipia mtu ada na nauli na posho, na humtaka arudi kwao kwa muda usiopungua miaka miwili. Yule mama aliwaacha watoto kwa bibi yao, akalia uwanja wa ndege, akasoma, akarudi. Kazi aliyoitaka ilikuwa hapa nyumbani, na shahada ile ndiyo iliyotakiwa. Hata kanuni zingebadilika mara kumi, hesabu yake isingeharibika.

Hilo ndilo neno langu la leo. Fanya uamuzi kana kwamba ruhusa ya kubaki haipo kabisa. Ikiwa shahada yenyewe, utakaporudi nayo nyumbani siku ile ile ya kumaliza, inalipa gharama yake, basi nenda kwa moyo mkunjufu, na ruhusa ikipatikana uihesabu kuwa nyongeza. Ikiwa hailipi bila ya ruhusa hiyo, usiuze kitu.

Fauka ya hayo, yako mambo manne ambayo yapasa mume na mke wayapitie pamoja, wakiwa wamekaa.

Kwanza, kazi. Askari haondoki kwa hiari yake. Aombe likizo ya masomo kwa maandishi, kupitia kwa wakuu wake, wala asilipe hata senti chuoni kabla ya kupata jibu. Anayeondoka bila ruhusa huhesabiwa mtoro, na aibu hiyo huipata familia nzima.

Pili, paa. Muulize afisa anayehusika na nyumba: mtumishi akiwa masomoni, familia yake itabaki katika kota au itatoka? Jibu hilo liandikwe.

Tatu, deni. Mkopo wa Sacco huendelea kukatwa mshahara ukiwapo, na huendelea kudaiwa mshahara usipokuwapo. Wadhamini wako ni askari wenzako wenye watoto kama wewe.

Nne, habari. Kanuni zisomwe katika tovuti ya serikali ya nchi husika, na tarehe yake itazamwe. Wakala anayekuhakikishia kwamba mambo ni yale yale ya mwaka jana analipwa wewe ukiondoka, na hukosa kitu ukibaki.

Mwisho, tusidharau vyuo vya karibu. Chuo cha biashara cha Makerere kilichopo Nakawa hufundisha shahada hii, na Arusha iko taasisi ya ESAMI inayohudumia nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Ndugu yangu alijiandikisha mjini Kampala katika masomo ya jioni mwaka 2024. Sitawadanganya kwamba ni rahisi. Lindo la usiku halijui ratiba ya mihadhara, na uhamisho haungoji mtihani. Alipohamishiwa mbali na mji alilazimika kusimamisha muhula mzima, na mpaka sasa hajamaliza. Jioni nyingine namwona akiitazama ndege inayopanda kutoka Entebbe, naye haniambii anafikiri nini, wala mimi simwulizi.

Lakini mshahara unaingia, watoto hawajabadilishiwa shule, na eka zile tatu bado zipo. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Juma lililopita shemeji yangu alituletea debe la maharagwe kutoka Mityana. Mama aliyapokea, akanitazama mimi, akacheka.

Hadi juma lijalo, kwaherini.