Manjano ya chungu si dawa ya manjano ya macho

Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingine, hukopa majina ya rangi kutoka kwa vitu vinavyoonekana. Kijani tulikipata kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, na manjano kwenye kile kiungo ambacho akina mama wa Pwani hukitia mchuzini. Kisha neno hilo likaendelea na safari yake hadi hospitalini. Mgonjwa ambaye ini lake limelemewa, macho na ngozi vikabadilika rangi, husemwa kuwa ana manjano. Hata ugonjwa mwingine kabisa, ule unaoenezwa na mbu, tukauita homa ya manjano. Kiungo, rangi, dalili na homa, vyote vikakaa chini ya jina moja.

Jambo hili lingebaki kuwa mjadala wa wanaisimu lau lisingegusa uhai wa watu. Lakini siku hizi, katika masoko ya Kitui na Makueni na ndani ya mabasi ya barabara kuu ya Mombasa, unga wa manjano hunadiwa kwa ufasaha mkubwa kuwa dawa ya kusafisha ini. Hoja ya mchuuzi ni nyepesi: macho yamekuwa manjano, basi kunywa manjano. Wala hoja hiyo si ngeni. Waganga wa Ulaya ya kale waliamini kwamba kila mmea umetiwa alama ya maradhi unayoyatibu, nao pia waliwanywesha manjano wagonjwa wa aina hiyo.

Ukambani, msomaji mpenzi, si mahali pa kulifanyia mzaha ini. Mwaka 1981, wakati Makueni ingali sehemu ya Wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa kwa ugonjwa wa ini baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. 12 kati yao wakafariki. Hata mbwa waliokula chakula hicho walikufa. Mwaka 2004 msiba ulirudi kwa ukubwa wa kutisha. Kufikia Julai mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa na 125 kati yao wamekufa, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Katika sampuli 350 za mahindi zilizokusanywa masokoni, zaidi ya nusu zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Sumu hiyo ndiyo aflatoksini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wameipa jina zuri la sumukuvu. Natamani sisi nasi tulitumie, maana hilo peke yake linaeleza chanzo cha maradhi.

Sasa tujiulize: familia ambayo mtoto wake amegeuka macho baada ya kula muthokoi wa mahindi yaliyovunda, ikiambiwa kwamba kijiko cha unga wa manjano kitamsafisha, itapoteza siku ngapi kabla ya kumfikisha hospitalini? Hapo ndipo ninapogombana na mchuuzi. Unga wake hauiondoi sumukuvu mwilini, wala kuutia katika sufuria ya mahindi mabovu hakuyafanyi kuwa mema.

Simo miongoni mwa wanaodharau kiungo hiki. Pale Makindu, katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu waliokuja na kazi za reli, msafiri yeyote hupewa chakula bure, na dengu yao huwa na ile rangi ya dhahabu inayojulikana. Nyumbani kwetu pia ndengu na mbaazi zikitiwa manjano kidogo huwa na sura na harufu ya kuvutia, na samaki akipakwa hupungua shombo. Wanawake wa Pwani hujisinga kwayo pamoja na liwa. Wahindi wameyatumia kwenye vidonda tangu kale, na mwaka 1997 walifaulu kuifuta hataza ya Kimarekani ya mwaka 1995 iliyodai kwamba matumizi hayo yalikuwa uvumbuzi mpya. Nami niliposoma habari hiyo nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa mbuzi wake.

Hata hivyo, kutumiwa tangu kale ni jambo moja na kuthibitishwa ni jambo jingine. Kiini kinachosifiwa, yaani kurkumini, ni takriban asilimia 3 tu ya uzito wa manjano makavu, na tumbo hukipokea kwa shida. Mwaka 2017 wanakemia waliopitia tafiti zaidi ya 120 zilizofanyiwa watu walieleza kuwa hawakuona hata moja iliyopimwa kwa masharti makali na kufaulu. Ndiyo maana wenye viwanda huchanganya vidonge vyao na kiini cha pilipili manga ili mwili ukipokee zaidi. Na hapo pana kinaya cha kutisha. Madaktari wa Marekani walieleza mwaka 2022 habari za wagonjwa 10 walioharibika ini kwa sababu ya vidonge vya manjano. Baadhi ya vidonge vilivyopimwa vilikuwa na pilipili manga, na mgonjwa mmoja alikufa. Kidogo kinachotiwa mchuzini hakimtishi mtu. Kidonge kinachouzwa kama msafisha ini ndicho cha kuogopwa.

Isitoshe, si kila unga wa manjano ni manjano matupu. Nchini Bangladesh, mwaka 2019, asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikutwa na risasi, kwa kuwa wafanyabiashara walikuwa wakitia rangi ya viwandani ili unga ung'ae. Serikali ilipowatoza faini na kuwatangazia wananchi hatari yake, kufikia mwaka 2021 haikuonekana tena katika sampuli. Anayeweza kununua mizizi mizima akaitwanga mwenyewe, na afanye hivyo.

Lawama nyingine naielekeza kwa neno letu "dawa". Kiswahili kina dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mende na dawa ya malaria, na mchuuzi hujificha katika upana huo. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni zinaweza kumbana kwa kumtaka aseme wazi, kwa Kikamba au Kiswahili: je, unga wake unatibu nini, na nani aliyeupima? Na katika zahanati zibandikwe maneno machache ya lugha hizo mbili, yakisema kwamba mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuwekwa ghalani, yasianikwe juu ya udongo mtupu, yaliyoota kuvu yasipewe mtu wala mnyama, na mwenye macho ya manjano apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.