Kazi Kesses, Kitanda Langas

Hapa Eldoret kuna ushauri unaogawiwa bure kwa watu wasiouomba. Mtu akisikia kwamba unafanya kazi upande wa Kesses na unalala Langas, anakutazama kwa huruma kisha anaanza: "Si uhamie huko huko, mwalimu? Kodi iko chini, hewa safi, maziwa unapimiwa mlangoni. Ya nini kumlisha mwenye matatu?" Mwalimu ni mimi. Huruma yenyewe siitaki.

Niseme bila kuzungukazunguka: mfanyakazi anayechagua kukaa kwenye mtaa wenye watu, kelele na taa za usiku, kisha kila alfajiri akapanda gari kwenda kazini nje ya mji, hajapotoka. Aliyepotoka ni yule anayedhani kwamba mwajiri akishanunua mchana wako, basi aongezewe na jioni bure.

Hao washauri hebu wakae wiki moja kwenye senta wanayoisifu. Giza likishaingia utapata duka lililokwisha kutiwa kufuli, hoteli yenye chai na mandazi ya asubuhi, na baa moja. Ndani ya baa hiyo, meza ya kulia ameketi mzazi wa mwanafunzi wako. Meza ya kushoto ameketi mjumbe wa bodi ya shule, ambaye pia ndiye landlodi wako, na ng'ombe wake ndio wanaokamuliwa yale maziwa yaliyosifiwa. Nunua kilo ya nyama Jumanne. Jumatano watataka kujua mgeni alikuwa nani. Na kama wewe ni mwanamke usiye na mume, hata taa ya chumba chako ikichelewa kuzimwa ina wachambuzi wake. Mimi maisha hayo nayaita zamu ya usiku isiyolipwa.

Sasa shuka Langas saa moja jioni. Matope yapo, sikatai, na mvua za Aprili zikianza yatakufika kwenye vifundo. Lakini barabara nzima iko macho. Fundi cherehani anamalizia sare ya shule chini ya balbu. Muuza mutura anageuza utumbo juu ya makaa, kisu mkononi, ubao wa chumvi na pilipili kando yake. Mama mboga wangu anakunja sukuma kwenye ngumi, anazikata nyembamba bila kuziangalia, huku macho yake yakiwa kwa mteja wa nyuma yangu anayedaiwa tangu Ijumaa. Yeye ni Mluhya. Anayemletea viazi kutoka Ainabkoi ni Mkikuyu, wa samaki ni Mjaluo, na wa mursik, ukifika mapema kabla haujaisha, ni Mnandi. Hakuna hata mmoja anayejua mkuu wangu wa shule ni nani, wala anayejali. Raha hiyo haimo kwenye kodi ya chini ya senta yoyote.

Tena haya si mambo ya raha peke yake. Kuna hesabu ambayo washauri wetu hawaipigi. Chukua mume karani kule Turbo na mke muuguzi kule Iten. Ukiwaambia wakae karibu na kazi, unamaanisha kazi ya nani? Turbo iko magharibi kwenye barabara ya Uganda, Iten iko juu kaskazini-mashariki, na mji huu uko katikati yao. Familia za namna hiyo ziko tele. Wanakaa Huruma, Kapsoya au Kimumu kwa sababu hapo ndipo nusu ya safari ya kila mmoja inapokutana, watoto wana shule, na homa ya usiku wa manane ina Hospitali ya Rufaa ya Moi ya kukimbilia. Halafu kuna uhamisho. Mwaka 2018, Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ilipoanza kuwahamisha walimu mbali na kaunti zao za nyumbani, tuliona nyumba zikigawanyika vipande. Anayehamisha vyombo kila barua inapokuja, watoto wake watavaa sare za shule nne kabla ya kufika sekondari.

Kinachonichekesha ni kwamba taasisi zenyewe zilikwisha kuukimbia ushauri huu. Kamati ya Mackay ilipopendekeza mwaka 1981 chuo kikuu cha pili nchini, ilitaka kiwe mashambani. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Moi kikaanza, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 83 wa masomo ya misitu waliotolewa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kampasi kuu ikasimama Kesses, zaidi ya kilomita 30 kutoka hapa. Nia ilikuwa njema. Lakini shule ya tiba ilipokuja iliwekwa mjini, ubavuni mwa hospitali, na sheria ikafundishwa kampasi ya Annex, nayo mjini. Daktari wa kesho hawezi kujifunza mahali pasipo na wagonjwa, hilo kila mtu analielewa. Mbona basi mhadhiri anayebaki kufundisha Kesses akitaka kuishi mahali penye watu, anaonekana mvivu?

Au tumtazame bingwa wetu. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kambini Kaptagat kuanzia mwanzo wa wiki, na familia yake ikiwa Eldoret, anakorudi mwisho wa wiki. Sijawahi kusikia mtu akimshauri ahamishe mke na watoto hadi langoni pa kambi apunguze mafuta ya gari.

Ushauri wa jirani unavumilika. Usiovumilika ni ule ulioandikwa kwenye payslip. Marupurupu ya nyumba ya mtumishi wa umma hupangwa kwa kufuata mahali anapofanyia kazi. Nairobi ina kundi lake. Eldoret imo kundi moja na Mombasa, Kisumu na Nakuru. Na mashambani tumewekwa kundi la mwisho. Maana yake, mimi na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, walimu wa daraja moja, tunaolipa landlodi yule yule kodi ile ile, tunapewa fedha tofauti za kulipia kodi hiyo kwa sababu yeye anafundisha mjini na mimi nafundisha Kesses. Paa ni moja, mvua ni moja, fedha mbili. Ila ikija zamu ya kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu, hapo hakuna makundi: tunakatwa sote sawasawa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo katika mji huu husemwa kwa kunong'ona. Eldoret hatuchagui mtaa kwa kodi na nauli tu. Ukimuuliza mtu anakaa wapi, mara nyingi unamuuliza yeye ni nani, na wote wawili mnajua. Yaliyotupata baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hayajasahaulika. Tarehe 1 Januari 2008 watu wengi waliteketea ndani ya kanisa la Kiambaa, pembeni tu mwa mji, na Langas yenyewe ikafuka moshi. Baadaye watu walijipanga upya. Huyu akauza ploti kwa bei ya kutupa, yule akahamia walikojaa wa kwao, mwingine akarudi penye majivu akajenga tena pale pale. Aliyezika mtu simfundishi mahali pa kulala.

Lakini kijana aliyeajiriwa juzi, ambaye wakati huo alikuwa bado anang'oa meno ya utoto, leo anapotafuta chumba swali la kwanza ni landlodi ni wa wapi, la pili majirani ni akina nani, na maji yanauliziwa mwisho. Huyo sina subira naye. Kisha akishapata mtaa wa "watu wetu" analalamika kwamba umepoa. Utakosaje kupoa, ndugu yangu, na wewe mwenyewe umewachuja waliokuwa wakiuchangamsha? Mitaa yenye uhai hapa Sisibo, yaani Eldoret yetu, ni ile iliyochanganyika, ambako mtu hukopa chumvi kwa jirani ambaye hawezi kutamka jina la ukoo wake. Na nyinyi wa Elgon View mnaopita na vioo vimepandishwa, geti likafunguliwa kwa honi, mko mjini kwa anwani tu.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo huniuma kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mtoto wa kijijini akikwama kwenye hesabu saa moja jioni, mwalimu wake yuko Langas anakula mutura. Mshahara unaotoka kwenye shule ile unanunua sukuma ya huku na kumwacha mwenye duka wa kule akipiga miayo. Hilo nalikubali, ni deni. Ila deni hilo halilipwi kwa kumfungia mtu mashambani. Linalipwa kwa nyumba za walimu zinazokalika, umeme usiozimika kila wingu likipita, na fedha kwa anayefundisha jioni. Nyumba ya shule niliyowahi kuonyeshwa, nikaambiwa nishukuru, ilikuwa na popo darini na mlango uliozuiwa kwa jiwe. Popo waliishi huko bila kulipa chochote, nikaona nisiwasumbue.

Agosti 2024 Rais Ruto alitukabidhi hati ya jiji, la tano nchini. Sensa ya 2019 ilikuwa imekwisha kutuhesabu watu 475,716. Nilishangilia kama wengine. Lakini kila yanapoanza mazungumzo ya ujiji, hayamalizi dakika kumi bila mtu kutaka wachuuzi waondolewe na matatu zisukumwe mbali na katikati ya mji, kana kwamba jiji ni sebule ya wageni. Barabara ya kando ya Cheplaskei hadi Leseru ilijengwa ili malori ya Uganda yasipite mjini. Vizuri, malori yaende. Watu tubaki. Ukimwondoa mama mboga na muuza mutura, mimi sitakuwa na sababu ya kulipa nauli. Nitahamia Kesses nikakae na wale popo.

Jiji linalotaka sifa lianze na jioni ya mtu anayerudi nyumbani. Reli ilifika hapa mwaka 1924, tena ikipitia Ainabkoi na Plateau, mashambani ambako wengi wetu tunafanya kazi. Nairobi imekuwa na treni ya wafanyakazi hadi Syokimau tangu 2012. Sisi tunayapungia mkono mabehewa ya mizigo, kisha tunajibanza kwenye Probox, wanne nyuma, wawili mbele kando ya dereva, na mtoto wa mtu asiyejulikana mapajani. Konda anapiga kelele "mmoja twende, mmoja twende" na viti vinne viko wazi. Msimu wa kuvuna ukifika, tunatambaa nyuma ya trekta lililojaa mahindi hadi mjini. Na ukichelewa kusahihisha madaftari, magari yamekwisha; unabaki wewe, baridi, na bodaboda anayekutajia bei huku akikutazama viatu.

Kwa hiyo mnaotushauri tuhame, pelekeni nguvu hizo kaunti na kwa wenye magari. Watu wapo, barabara ya lami ipo, nauli tunalipa kila siku. Lililokosekana ni gari la kutoka Kesses saa mbili usiku.